Spea za kuongeza nguvu: za bei nafuu au za jina? Forester SG5, bajeti 180,000

#1 Kisauni_SG5
Habari zenu wakuu. Gari ni Forester SG5 ya 2004, injini EJ205, tabo (turbo, kisukuma hewa cha injini) TD04, gia za mkono. Kompresheni imepimwa, silinda zote nne zimekaribiana. Nataka kupandisha busti (shinikizo la hewa inayosukumwa na tabo) hadi bar 1, gari litumike kila siku hapa mjini na lipande Nairobi mara moja kwa mwezi. Bajeti ni 180,000, pesa za fundi kando.

Orodha: pampu ya mafuta ya lita 255 kwa saa, koilova (shoki na springi zinazorekebishwa urefu), breki pedi mbele na nyuma, dauni-paipu (bomba la moshi baada ya tabo), intakula kubwa ya juu (kipoza hewa ya tabo), valvu ya kupumulia tabo, geji ya busti, geji ya mchanganyiko wa hewa na mafuta, halafu tyuni (kupanga upya kompyuta ya injini). Nikichukua vyote vya jina, koilova na geji peke yake zamaliza hela. Nikichukua vyote vya bei nafuu, chenji yabaki. Kipi hapo cha kununua rahisi, na kipi nisithubutu?

#2 Bin_Tudor
Vyote vya jina, au acha gari lilivyo. Rahisi ni ghali.

#3 Fundi_Jomvu
Bin_Tudor, ukisema "vyote" hujamsaidia. Kuna kifaa kikifa hupiga kelele tu, na kuna kifaa kikifa huondoka na pistoni. Tugawe hapo kwanza.

Dauni-paipu ya bei nafuu itapasuka kwenye weldi, au flanji itajipinda ivujishe moshi. Utaisikia siku hiyo hiyo, utaifungua, mchomeleaji atairudisha. Injini haikuguswa. Kabla ya kulipa, ilaze flanji juu ya kioo cha dirisha. Ikichezacheza, si bapa, rudisha. Flanji iwe na unene wa milimita 10 hivi, bomba milimita 1.5, na chungulia ndani kwenye kona: weldi ikiwa imetokeza matone makubwa ndani, aliyeichoma alikuwa na haraka. Sumaku wengi waipenda lakini haina la maana la kukwambia. Chuma cha 304 hakishiki sumaku, cha 409 chashika, na 409 ni chuma cha eksozi kinachotumika viwandani miaka yote.

Pampu ni kinyume chake. Pampu mbovu haipigi kelele. Gari litaenda vizuri mjini wiki nzima. Siku ukikanyaga gia ya nne, rpm 5,500, busti bar 1, shinikizo la mafuta lashuka, mchanganyiko wakauka, injini yaanza kugonga (mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda). EJ hapo haina uvumilivu: kingo zilizo kati ya mifereo ya pete za pistoni zakatika, na ukipima kompresheni tena silinda moja iko chini.

Kwa hivyo pampu ipimwe hata ikiwa ya jina. Chomoa hozi ya kurudisha mafuta tangini, iunganishe na hozi ndefu inayofika kwenye chombo chenye alama za lita, mbali na gari. Injini imezimwa. Pampu ipe umeme wa moja kwa moja kupitia swichi yenye waya mrefu, uiwashe ukiwa mbali na petroli, kizimamoto kiko mkononi mwa mtu wa pili. Sekunde 30. Lita 255 kwa saa ni lita 4.25 kwa dakika, basi yapasa upate lita 2 na kidogo. Ukipata lita 1.5, hiyo ni pampu ya lita 180 iliyovaa stika ya 255.

#4 Dada_Bamburi
Fundi, nakubaliana nawe ila kipimo chako kina tundu. Ukipima injini imezimwa, betri yatoa volti 12 na kitu, na pampu ikivuta yashuka zaidi. Takwimu za pampu hizi hutolewa kwa volti 13.5, injini ikiwa inachaji. Weka chaja kwenye betri au unganisha na gari jingine linalonguruma, la sivyo utaitupa pampu nzima ukidhani ni feki.

La pili, 255 hiyo ni kwa shinikizo la bar 3 hivi. Busti ikiwa bar 1, regyuleta ya shinikizo la mafuta inapandisha mafuta hadi bar 4, na pampu yoyote ile hutoa kidogo zaidi shinikizo likipanda. Bar 3 ikipita vizuri, bado nafasi iliyobaki juu si kubwa kama watu wanavyodhani.

#5 Fundi_Jomvu
Shukran, hapo kwa volti umenisahihisha.

#6 Mtwapa_Garage
Naona mwabishana jina na bei, mumesahau mlango wa tatu: spea halisi za ex-Japan (zilizotumika, kutoka Japani). Intakula ya juu ya STI (Subaru za michezo), kalipa za pistoni nne za Subaru, shoki za STI. Zote hizo zashuka kwenye makontena hapa hapa bandarini. Intakula ya alumini iliyotumika, ikiwa haijapigwa na haina mafuta mengi ndani, haizeeki. Izibe upande mmoja, upande wa pili tia hewa ya bar 1.5, itumbukize kwenye pipa la maji, tazama mapovu pale plastiki inapokutana na alumini. Halafu ioshe ndani kwa petroli kidogo au dizeli, izungushe, imwage, irudie hadi itoke safi, uiache ikauke kabisa kabla ya kuifunga. Oili iliyobaki ndani ikivutwa na injini inashusha okteni na kuleta kugonga. Kwenye SG5 itataka mabano na hozi tofauti na zako, jiandae kwa hilo.

Shoki ya ex-Japan mimi singenunua bila kuishika. Ikishavuja kwenye sili imekwisha. Na pedi zilizotumika, la.

#7 Bin_Tudor
Intakula ya STI ni kitu cha jina, Mtwapa. Wanirudia mimi.

#8 Mtwapa_Garage
Ni cha kiwandani. Jina na kiwandani si kitu kimoja.

#9 Dada_Bamburi
Na jina lenyewe laigizwa. Hapo ndipo mjadala huu wote huharibika: mtu husema "nilinunua Walbro (pampu ya jina) ikafa" na hajui kama aliwahi kushika Walbro. Pampu ya lita 255, plagi za NGK na valvu za kupumulia za HKS zimeigizwa kuliko vitu vingi. Kwa hivyo kuna makundi matatu hapa: cha jina halisi, cha bei nafuu chenye jina lake mwenyewe, na cha bandia kilichovaa jina la mwingine. Hicho cha tatu ni kibaya kuliko cha pili, kwa sababu wa pili angalau alitengeneza koilova au pampu akitaka urudi, wa tatu alitengeneza boksi.

Plagi: zitoe zote nne kwenye boksi, zipange mezani. Maandishi kwenye kauri yawe na wino ule ule, mahali pale pale. Ncha ya kati iwe katikati kabisa. Washa ya kubana isitoke kwa kuzungusha kwa vidole. Uzi uwe laini ukipitisha ukucha. Moja ikitofautiana na tatu, rudisha zote. Ukipanda bar 1 shusha joto la plagi hatua moja: kwa NGK ni kutoka 6 kwenda 7, namba kubwa ndiyo baridi zaidi. Bosch wamegeuza, kwao namba kubwa ndiyo ya moto, msije mkachanganya. Gepu weka 0.7 au 0.75.

#10 Limuru_Hill
Salamu kutoka juu. Nyote mwazungumza vifaa, ilhali kinachoua injini nyingi ni tyuni. Kifaa cha bei nafuu chenye tyuni nzuri kitaishi, cha jina chenye tyuni mbaya kitakufa. Na kwa Kisauni_SG5 kuna jambo mahususi: akipigwa tyuni Nairobi kisha ateremke, mambo yabadilika. Nairobi, mita 1,700 na zaidi, hewa ina shinikizo la bar 0.83 hivi. Mombasa ni bar 1.01. Geji ya busti husoma kilichozidi hewa ya nje, kwa hivyo bar 1 ya Nairobi ni 1.83 kamili, na bar 1 ya Mombasa ni 2.01. Gawanya: hewa inayoingia injini yazidi kwa asilimia 10 na geji haisemi kitu. Kama nozeli (zinazonyunyiza mafuta) zilikuwa zafunguka asilimia 90 ya muda wake Nairobi, pwani zimefika mwisho.

#11 Dada_Bamburi
Hesabu nzuri, lakini umeiacha joto nje. Hewa ya nyuzi 30 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 20 kwa asilimia 3 na kitu. Toa hapo, ziada yabaki asilimia 6 hivi. Bado ni nyingi kwa nozeli iliyo ukingoni. Na joto hilo hilo ndilo laleta kugonga mapema, kwa hivyo hatuna nafuu, tuna tatizo la aina nyingine.

Kwa tabo mambo ni kinyume: huko juu ndiko inakoteseka. Kutoa bar 1 Nairobi yabidi ikandamize hewa mara 2.2, hapa mara 2 tu. TD04 ndogo kwa bar 1 huko itazunguka mbio sana.

#12 Limuru_Hill
Sawa, asilimia 6. Basi apigwe tyuni Mombasa, Kaskazi ikivuma, saa nane mchana. Ikipona hapo, Nairobi itapona kwa upande wa mafuta. Busti ya Nairobi asiidai bar 1, bar 0.8 yatosha.

#13 Chumvi_Likoni
Watu wa bara mtahesabu hewa hadi kesho. Hapa pwani spea hufa kwa chumvi kabla ya kitu kingine. Chukua koilova: bodi ni ya chuma, kola ya kurekebishia ni ya alumini. Metali mbili tofauti, chumvi katikati, unyevu kila usiku. Ndani ya miezi michache kola imeshikana na uzi, na ukipiga spana ya ndoano yakatika meno. Za bei nafuu zimepakwa zinki nyembamba. Za jina zina rangi nzito au nikeli, na hata hizo hushikana usipozitunza.

Utunzaji wenyewe: siku ya kufunga, safisha uzi kwa brashi ya nailoni, paka grisi ya kuzuia kushikana, vuta soksi ya mpira au ya kitambaa juu yake. Kila mwezi maji matamu, si ya kisima. Kila miezi mitatu legeza kola mzunguko mmoja, paka tena, rudisha. Ukimwachia fundi akurekebishie urefu mara moja na usiguse tena mwaka mzima, umenunua shoki zisizorekebishika kwa bei ya zinazorekebishika.

Na Fundi_Jomvu, hiyo 409 yako kwa pwani yaota kutu ya juu mapema, ifikapo mwaka wa pili yaonekana kama imetoka baharini. Kwa anayeishi karibu na maji, 304 ndiyo haki yake.

#14 Fundi_Jomvu
Kutu ya juu, ndiyo. Kutoboka, bado. Lakini kwa Likoni sikushindi kwa chumvi.

#15 Kisauni_SG5
Shukran wote. Kwa koilova basi, jibu ni lipi? Naona matuta ya Kisauni hayatanihurumia.

#16 Mtwapa_Garage
Jibu ni usinunue koilova. Gari la kila siku, barabara hizi, busti bar 1: weka shoki za KYB za kiwandani mpya nne, bushi mpya za mikono, mipira mipya ya juu ya shoki. Koilova rahisi nyingi huja na springi ngumu, mbele kilo 8 kwa milimita, kwa sababu springi ngumu huficha shoki dhaifu dukani. Barabarani shoki haiwezi kuituliza springi ile, gari ladunda kama mpira na tairi laachia lami kwenye kona yenye mawimbi. Mtu husema "limekuwa la mashindano". Limekuwa polepole.

#17 Chumvi_Likoni
Akitaka lazima, apime hivi kabla ya kufunga. Toa springi, simamisha shoki wima, ipampu mara tano sita ili hewa itoke. Kisha sukuma fimbo polepole: lazima iende kwa uzito ule ule mwanzo hadi mwisho. Ukisikia pengo, yaani mahali inapolegea halafu yashika, hiyo ni mbovu au mafuta hayakutosha. Linganisha kushoto na kulia kwa kidude cha kurekebishia kikiwa kliki ile ile. Nyingi za bei nafuu kliki ya 10 ya kushoto si kliki ya 10 ya kulia.

Na kushusha gari: zungusha bodi ya chini, usilegeze kola ya springi. Ukilegeza kola, springi yakaa huru na kugonga ukipita tuta.

#18 Bin_Tudor
BC Racing ni ya Taiwan, si ghali kama Öhlins, na spea zake ndogo ndogo zapatikana. Huo ndio ukweli wa "jina": si kwamba haifi, ni kwamba ikifa wapata sili, fimbo na mpira wa juu badala ya kutupa yote. Kwa maoni yangu hapo ndipo pesa inapokwenda.

#19 Jua_Kali_Majengo
Mwasema sana jina, lakini vyote vyatoka China kiwanda kimoja. Boksi tofauti tu.

#20 Dada_Bamburi
Si kweli, na pia si uongo mtupu. Garrett yenyewe ina kiwanda Shanghai, Tein wana kiwanda China pia. Nchi haikwambii kitu. Tofauti iko kwenye aloi, kwenye kukataa: kiwanda kile kile chaweza kutupa nyumba kumi za tabo zenye vitundu kwa mteja mmoja, na kuziuza kwa mwingine anayelipa nusu. Moldi moja, viwango viwili.

Ndiyo maana kwa tabo yenyewe siwezi kumshauri mtu rahisi. Fito lake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Isiposawazishwa vyema utaisikia ikilia kama king'ora, na wiki chache baadaye oili iko kwenye eksozi. Ukishika tabo yoyote, mpya au ya ex-Japan, vuta na sukuma fito kwa mbele na nyuma. Hapo isicheze, hata kidogo usihisi. Kando kwa kando, ikiwa ni ya bushi bila oili, mchezo mdogo ni wa kawaida, mradi mabapa ya feni yasiguse nyumba.

#21 Fundi_Jomvu
Na TD04 ya zamani isilaumiwe kabla ya kuangalia banjo (bolti yenye tundu inayopitisha oili). Subaru nyingi za EJ zenye AVCS (mfumo wa kubadili muda wa valvu) zina kichujio kidogo cha wavu ndani ya bolti ya banjo ya oili. Kikiziba kwa tope, tabo yakosa oili, yafa, mwenye gari anunua ya bei nafuu, nayo yafa kwa sababu ile ile, halafu aja hapa kusema rahisi ni mbaya. Badili oili kila kilomita 5,000, kichujio hicho kikague. Sita kati ya hadithi kumi za "tabo feki" ningeanzia hapo.

#22 Limuru_Hill
Hiyo sita kati ya kumi umeitoa wapi, fundi? Sema "nyingi".

#23 Fundi_Jomvu
Nyingi. Haya.

#24 Mama_Gasketi
Nimesoma kurasa zote mbili na breki mumezitupa kona. Mtu aongeza nguvu, kisha ateremka Mazeras kuja Miritini nyuma ya lori, ndipo ajue pedi ni nini.

Pembeni mwa pedi kuna mstari wa herufi na namba. Herufi mbili za mwisho ndizo za msuguano. E ni kati ya 0.25 na 0.35. F ni 0.35 hadi 0.45. G ni 0.45 hadi 0.55. Ya kwanza ni pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa ya moto. Kwa gari lenye nguvu usikubali pedi ambayo herufi ya pili iko chini ya ya kwanza: FE maana yake yalegea ikipata moto, nawe moto ndio unaouongeza. FF ni ya chini kabisa ninayoikubali, GG nzuri zaidi lakini hula diski. Isipoandikwa kitu, iache dukani.

Chumvi iko hapa pia. Bamba la chuma la nyuma la pedi rahisi limepakwa rangi tu. Kutu yaingia kati ya bamba na kitu cha msuguano, yavimba, yakiinua hadi kikabanduka kipande kizima. Chukua pedi, tazama ubavuni kwenye mstari wa kuungana: ukiona mstari wa kahawia, au ukucha ukaingia, hapana.

Na oili ya breki. Yavuta maji kutoka hewani, na hewa yetu ni maji nusu. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, ikishalowa 155. DOT 3 ni 205 na 140. Pedi ya jina juu ya DOT 3 ya miaka minne ni pesa iliyotupwa: kanyagio litazama hadi chini pale pale mteremkoni. Lita moja ya DOT 4 iliyofungwa, badilisha yote, kila mwaka kwa sisi wa pwani. Chupa iliyokwisha kufunguliwa miezi sita iliyopita usiitumie. Hilo ndilo badiliko la bei rahisi kuliko yote kwenye uzi huu.

#25 Bin_Tudor
Mama umemaliza. Na kuziweka sawa pedi mpya?

#26 Mama_Gasketi
Diski zisafishwe mafuta, ziwe bapa. Kutoka 80 shuka hadi 20, breki ya kati si ya ghafla, mara nane hadi kumi, usisimame kabisa katikati. Kisha endesha dakika kumi bila kukanyaga ili zipoe. Ukisimama na pedi moto zitaacha alama yake kwenye diski na usukani utatetemeka, utasema diski imepinda.

#27 Jua_Kali_Majengo
Valvu ya kupumulia je? Ile ya kupiga "pshhh" nje. Rahisi tu, sivyo? Haiui kitu.

#28 Dada_Bamburi
Kwa SG5 usiipumulie nje. Gari lako lina sensa ya kupima hewa inayoingia. Kompyuta yaihesabu hewa ile na kuitilia mafuta. Ukiimwaga nje mafuta yabaki bila hewa, kila ukibadili gia plagi zaloa na moshi mweusi watoka. Irudishe kwenye bomba la kuingilia. Ile ya kiwandani, kiwambo chake kikiwa kizima, yashika bar 1. Ipulizie mdomoni upande wa juu, ishikilie kwa ulimi. Ikivuja ndio ununue. Hapo bajeti yako imepona.

#29 Kisauni_SG5
Kwa hiyo nimetoa koilova na valvu. Dauni-paipu rahisi, intakula ya ex-Japan, pedi za FF au GG. Geji ya mchanganyiko je? Kuna zinazouzwa chini ya nusu ya bei ya AEM, ile ya jina.

#30 Limuru_Hill
Kinachosoma ni sensa, si kioo. Uliza kama ni Bosch LSU 4.9 na kama imo kwenye boksi lililofungwa. Geji inayodanganya kwa nukta 0.5 ni mbaya kuliko kutokuwa na geji, kwa sababu mtyuni ataiamini. Ifunge angalau sentimita 70 baada ya tabo, kichwa kikiwa juu, waya ukielekea mbingu na si ardhi, la sivyo maji ya asubuhi yataingia na kuipasua kauri. Na usiiache kwenye eksozi bila umeme, masizi yataimaliza. Ya busti nunua yoyote, ilinganishe na pampu ya baiskeli yenye geji.

#31 Chumvi_Likoni
Rejeta yako hamjaitaja. Foleni ya feri saa kumi na moja jioni, feni peke yake, busti imepashwa. Kabla ya kununua rejeta nene ya alumini ya bei nafuu, angalia ya sasa imejazwa maji gani. Ya kisima yana chumvi, yanakula alumini kutoka ndani, hata ya jina itatoboka. Tia kulanti iliyochanganywa tayari, au changanya na maji safi ya betri, yale yasiyo na asidi, nusu kwa nusu. Kifuniko cha bar 1.1, kipya, cha kiwandani. Rejeta rahisi nyingi shingo yake ina kina tofauti, kifuniko hakibani, na maji yatoka kwenye foleni kana kwamba gasketi ya hedi imekwenda.

#32 Kisauni_SG5
Nimerudi na vipimo vya pampu. Boksi lasema 255, la jina. Chaja iko kwenye betri, volti 13.4 kwenye betri yenyewe. Nilitumia waya za gari, ila kompyuta yake ya pampu niliiruka. Sekunde 30, mara tatu: lita 1.75, 1.75, 1.8.

#33 Fundi_Jomvu
Hiyo ni lita 210 kwa saa. Feki. Nilisema.

#34 Limuru_Hill
Subiri, mzee. Pima volti kwenye plagi ya pampu huko tangini wakati inafanya kazi. Waya za miaka ishirini nyembamba zaweza kula volti moja na nusu. Pampu ikipata 12 badala ya 13.4, lita 1.75 ni sawa kabisa na pampu halisi. Upungufu wa zaidi ya volti 0.5, vuta waya mpya nene kutoka betri, na rilei na fyuzi.

#35 Dada_Bamburi
Au hozi ile fupi ndani ya tangi. Hozi ya kawaida ya mafuta haikutengenezwa kuzama ndani ya petroli, ni ya petroli kupita ndani yake tu. Yavimba, klipu yalegea, na pampu yarudisha mafuta tangini kabla hayajatoka. Lazima iwe ya SAE 30R10. Fungua, tazama.

#36 Mtwapa_Garage
Na soksi ya kuchuja chini ya pampu. Kama fundi alirudisha ya zamani badala ya mpya, pampu yavuta kupitia tope.

#37 Fundi_Jomvu
Mwaitetea sana pampu hiyo. Ipimeni uzito kando ya halisi.

#38 Kisauni_SG5
Kesho asubuhi naanza na volti huko tangini, halafu hozi na soksi kwa pamoja kwa kuwa tangi liko wazi. Uzito nitaupima ikishatoka. Limuru_Hill, waya mpya uwe wa milimita mraba ngapi?

#39 Limuru_Hill
Nne. Na ardhi nayo vuta mpya, usitegemee bodi. Huko kwenu bodi imeshaliwa na chumvi.